Umeme usiokatika ovyo ni afya ya kartie nzima



Pengine utashangaa kuona msaidizi wa mganga anaandika juu ya umeme. Utasema: "Huyu kazi yake ni vidonda na sindano. Nyaya ni za mafundi." Ni kweli, mimi si fundi wa umeme. Lakini miaka niliyofanya kazi kati ya wagonjwa imenifundisha jambo moja: umeme ukikatika, mgonjwa ndiye wa kwanza kujua. Kwa hiyo nimeuliza mafundi, nimesoma, na leo ninakuletea somo hili. Lisome polepole, na uwasomee wale wa nyumbani.

USIKU MMOJA WA MVUA

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika maternite moja ndogo. Mama mmoja alikuwa katika uchungu wa mtoto wake wa tatu. Saa nane ya usiku taa zote zikazimika. Mashini ya kunyonya uchafu mdomoni mwa mtoto ikasimama. Mama mkwe wa mzazi akawasha tochi ya simu yake, akaishika juu ya kitanda kwa mikono miwili ili isitetemeke.

Mtoto alizaliwa amechoka, hakulia. Tulimfuta, tukamsugua mgongo, tukampulizia hewa kwa mfuko wa mpira unaobanwa na mkono. Baada ya dakika chache akalia. Mama yake tulimshona kwa mwanga wa simu mbili. Wote wawili wako wazima, Mungu asifiwe.

Lakini umeme haukurudi asubuhi. Haukurudi kesho yake pia. Chanjo za watoto zinapaswa kukaa katika baridi ya digri 2 hadi 8, wala chini wala juu ya hapo. Siku ya pili kipima-joto cha frigo kilikuwa kimepita mbali juu ya 8. Ilitubidi kuziondoa chanjo zote. Siku ya kuchanja ilipofika, wamama walipanga mstari na watoto wao, na sisi tukawarudisha nyumbani mikono mitupu. Mmoja alikuwa amebeba mapacha, mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Sitasahau namna alivyoniangalia.

Na sababu ilikuwa nini? Mafundi walipofungua kabini, ni kusema ile nyumba ndogo yenye transfo inayoshusha nguvu ya umeme, waliona yote. Katika nyumba moja waya wa jiko la umeme ulikuwa umechubuka, ukagusana na mwenzake. Fyuzi ya nyumba ile ingepaswa kuungua mara moja, na mambo yangeishia pale. Lakini mtu alikuwa ameitoa, akaweka mahali pake waya mnene wa shaba, "ili isiungue-ungue tena". Katika kabini pia mtu mwingine alikuwa amefanya vile vile. Moto wa umeme haukupata mlango wa kuuzuia. Ulipanda mpaka ukaunguza kabo kubwa na transfo. Jiko moja lilizima kartie nzima pamoja na maternite.

Hapa ndipo fundisho letu la leo linapoanza. Mtandao mzuri wa umeme si ule usioharibika kamwe. Mtandao wa namna hiyo haupo duniani. Mtandao mzuri ni ule ambao kosa likitokea, linabaki dogo na linakwisha upesi.

1. UMEME WETU UNATOKA WAPI?

Katika Katanga yetu ya zamani, ambayo leo ni majimbo manne, umeme wa migodi na wa miji ulianza na maporomoko ya maji. Mwadingusha, juu ya mto Lufira, inafanya kazi tangu mwaka 1930. Chini yake, juu ya mto ule ule, kuna Koni. Juu ya Lualaba kuna Nzilo na Nseke. Nseke ilianza mwaka 1956. Kisha mwaka 1982 ikaja njia ndefu kutoka Inga, huko chini ya mto Kongo, mpaka Kolwezi: kilometa 1,700 hivi, kwa nguvu ya volti 500,000.

Umeme unasafiri na nguvu nyingi sana ili usipotee njiani. Ukifika karibu na miji, unashushwa hatua kwa hatua. Kutoka volti 220,000 ao 120,000 unashuka mpaka 15,000 ao 6,600. Kisha kabini ya kartie yako inaushusha tena mpaka 380 na 220, na hapo ndipo unapoingia nyumbani.

Linganisha na damu. Moyo ni maporomoko. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni ni ile njia ya Inga. Kisha mishipa inagawanyika, inakuwa midogo na midogo zaidi, mpaka ile myembamba kama unywele iliyo katika kidole. Kidole chako kinaweza kukosa damu kwa sababu mbili.

Ya kwanza: damu yenyewe haitoshi mwilini. Hiyo ndiyo delestaji: umeme unaotengenezwa ni mdogo kuliko unaoombwa, basi wanazima kartie moja ili nyingine ipate. Dawa yake ni kutengeneza umeme zaidi na kutoupoteza bure.

Ya pili: damu iko, lakini mshipa umekatika ao umezibwa. Umeme uko Kolwezi, uko Likasi, uko mpaka mwanzo wa barabara yako, lakini wewe huupati. Nguzo imeanguka, kabo imeungua, transfo imekufa. Ugonjwa huu wa pili ndio somo letu.

2. KUPIMA KWANZA, KISHA DAWA

Mganga hatoi dawa ya homa bila kupima joto. Mafundi nao wanapima. Wanauliza mambo mawili tu: kwa mwaka mmoja, nyumba moja imekatikiwa umeme mara ngapi? Na kwa jumla imekaa gizani saa ngapi?

Mwaka una saa 8,760. Mtu akikuambia, "Umeme wetu uko siku zote, asilimia 99," usifurahi upesi. Asilimia 1 inayobaki ni zaidi ya saa 87, ni kusema zaidi ya siku tatu na nusu gizani. Kwa frigo ya chanjo, siku tatu na nusu mfululizo ni kifo.

Sasa tufanye hesabu. Twaa kartie yenye nyumba 1,000 juu ya njia moja ya umeme. Mti unaangukia nyaya mwishoni mwa njia, mahali penye nyumba 200. Fundi anahitaji saa 4 kutafuta kosa na kutengeneza.

Namna ya kwanza: njia haina mahali pa kuigawa. Nyumba zote 1,000 zinakaa gizani saa 4. Kila nyumba, saa 4.

Namna ya pili: njia ina swichi za kugawa, na fundi anazifungua na kuzifunga kwa mkono. Wote wanakaa gizani saa 1. Kisha fundi anatenga sehemu ya ugonjwa, anarudisha umeme kwa nyumba 800. Zile 200 zinangoja saa 3 zingine. Jumla ni saa 1,600 za nyumba. Ukizigawa kwa nyumba 1,000, kila moja inapata saa 1 na dakika 36.

Namna ya tatu: swichi zinajitenga zenyewe, na taa juu ya nguzo inamwonyesha fundi mahali pa kosa. Nyumba 800 hazikosi umeme ila kwa kitambo kidogo sana. Zile 200 zinangoja saa 2 tu, maana fundi hakupoteza wakati kutafuta. Jumla ni saa 400 za nyumba. Kwa kila moja, dakika 24.

Umeona? Mti ni ule ule, mvua ni ile ile, fundi ni yule yule. Lakini kutoka saa 4 tumeshuka mpaka dakika 24, mara kumi chini yake. Hatukuongeza hata tone moja la umeme. Tumepanga njia zake tu.

3. JARIBIO LA MKONO

Fanya jaribio hili nyumbani pamoja na watoto. (Usilifanye kwa mgonjwa wala kwa mkono wenye jeraha.)

Kunja ngumi kwa nguvu. Mwenzako akubanie kifundo cha mkono kwa vidole, mahali pawili: upande wa kidole gumba, pale tunapopima mapigo ya moyo, na upande wa kidole kidogo. Hesabu mpaka 20. Sasa fungua ngumi yako. Angalia kiganja: kimepauka, damu haifiki.

Mwambie mwenzako aachilie mshipa mmoja tu, mwingine aendelee kuubana. Angalia tena. Kwa watu wengi kiganja chote kinarudisha rangi yake kwa sekunde chache, hata upande ule ambao mshipa wake bado umebanwa!

Kwa nini? Kwa sababu mishipa ile miwili inakutana ndani ya kiganja na kufanya mviringo. Mmoja ukifungwa, mwingine unalisha mkono mzima. Muumba alijua kwamba mkono wa mfanyakazi utaumizwa mara nyingi, basi akaupa njia mbili. Mafundi wa umeme wanafanya vile vile, kama utakavyoona.

4. DAWA SITA ZA MTANDAO

Dawa ya kwanza ni fyuzi ya kipimo chake. Fyuzi ya nyumba ni ndogo, ya kabini ni kubwa zaidi, ile ya mwanzo wa njia ni kubwa kuliko zote. Zimepangwa hivyo ili ile iliyo karibu na kosa iungue ya kwanza. Jiko likiharibika, nyumba moja tu ikose umeme. Kidole kikiwa na jipu, tunapasua kidole, hatukati mkono. Lakini ukiweka waya mnene ao msumari mahali pa fyuzi, umeharibu mpango wote. Kosa lako litaruka nyumba yako na kwenda kuzima maternite.

Dawa ya pili ni kuigawa njia. Ni zile swichi tulizoziona katika hesabu. Njia ndefu isiyo na swichi ni sawa na nyumba kubwa isiyo na milango ndani: moto ukianza jikoni, unafika chumbani.

Dawa ya tatu ni njia ya pili. Ni ule mviringo wa kiganja. Kabini inalishwa kutoka pande mbili. Upande mmoja ukifa, wanafungua wa pili. Gharama yake ni kubwa, kwa hiyo haiwezekani kuwapa wote. Lakini lopitali, pampu za maji na mashini za kupeleka hewa chini ya mgodi zinapaswa kuwa za kwanza. Usisahau maji: pampu zikisimama siku nyingi, watu wanakwenda kuchota mtoni na katika visima vichafu, na sisi katika dispanseri tunaanza kupokea watu wa kuhara. Kipindupindu kinajua njia hiyo vizuri.

Dawa ya nne ni swichi inayojaribu tena. Juu ya nyaya za hewani, makosa mengi ni ya kitambo kidogo tu: radi imepiga, tawi limegusa waya kisha likaanguka, ndege mkubwa amegusa nyaya mbili. Kosa limekwisha kupita, lakini umeme umekatika. Swichi hii inakata, inangoja sekunde kidogo, kisha inarudisha umeme yenyewe. Kosa likiwa limekwisha, taa zinapepesa tu na maisha yanaendelea. Likiwa lingali, inakata tena, na baada ya kujaribu mara chache inafunga kabisa mpaka fundi aje. Tafadhali shika vizuri neno hili, "inarudisha yenyewe". Tutalirudia, maana ndani yake mna hatari.

Dawa ya tano ni macho na masikio. Zamani fundi aligundua kwamba umeme umekatika wakati watu walipokuja kulalamika. Siku hizi kuna taa ndogo juu ya nyaya inayowaka ikiwa mkondo mkali wa kosa umepita hapo, kuna vipimo vinavyotuma habari kwa njia ya simu, kuna swichi zinazofunguliwa na mtu aliyekaa mbali ofisini. Mji wa Chattanooga, Marekani, ulifunga swichi za namna hii zaidi ya 1,000 katika mtandao wake. Dhoruba ikipita, swichi zinatafuta zenyewe sehemu iliyoharibika, zinaitenga, na kulisha zingine kwa njia ya pili. Ni ile namna ya tatu ya hesabu yetu, iliyofanywa juu ya mji mzima.

Dawa ya sita ni utunzaji. Hii ndiyo dawa ya zamani kuliko zote, na bila hiyo zile tano ni kazi bure. Kukata matawi mbele ya mvua ya Novemba. Kubadili nguzo zilizooza. Kupima mafuta ya transfo. Kukaza maungio ya nyaya: ungio lililolegea linapata moto, na leo mafundi wana kamera inayoona joto hilo kutoka chini bila kupanda. Kuangalia kwamba waya wa kupeleka umeme ardhini uko mahali pake na haujaibwa.

Usidhani kwamba matawi ni shida yetu sisi peke yetu. Tarehe 14 Agosti 2003, katika jimbo la Ohio, Marekani, nyaya kubwa zililegea kwa joto na mzigo, zikagusa miti iliyoachwa kukua chini yake. Wakati uleule mashini ya kuwaonya wasimamizi ilikuwa imeharibika, wao hawakujua. Njia moja ikakatika, mzigo wake ukahamia nyingine, nayo ikakatika, na nyingine tena. Watu karibu milioni 50 wa Marekani na Kanada walibaki bila umeme. Nchi tajiri, mitambo ya bei kubwa, na mwanzo wa yote ni miti ambayo hakuna aliyeikata. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

5. WAYA ULIOANGUKA SI MAITI

Sasa turudi kwa ile hatari.

Tarehe 2 Februari 2022, kule Matadi-Kibala, upande wa Kinshasa, waya wa umeme wa nguvu kubwa ulikatika ukaanguka sokoni. Mvua ilikuwa imenyesha, mfereji ulijaa maji. Watu 26 walikufa, wengi wao wamama waliokuja kuuza na kununua. Walitoka nyumbani asubuhi kama mama yako ao mke wako anavyotoka.

Waya ukianguka, ulinzi wa njia unapaswa kuukata mara moja. Lakini usiweke maisha yako juu ya neno "unapaswa". Ardhi kavu ao mchanga unaweza kuzuia mkondo kiasi kwamba ulinzi hauoni kosa, na waya unabaki na umeme. Tena, kama tulivyosema, swichi inaweza kurudisha umeme yenyewe baada ya sekunde chache. Ao delestaji inakwisha na umeme wa kartie unarudi. Waya uliokuwa kimya unaamka. Wengi wamekufa kwa kusema, "Hakuna umeme, taa zote zimezimika." Basi shika sheria hizi:

– Waya uliolala chini, uhesabu kuwa una umeme siku zote. Kaa mbali, hatua 15 na zaidi. Zuia watoto na wapita njia. Mtume mtu aite mafundi.

– Usikanyage maji yanayogusa waya.

– Ukijikuta karibu nao, usikimbie. Umeme unaenea ardhini, na mguu mmoja ukiwa mbali na mwingine, unapita ndani ya mwili wako. Ondoka kwa hatua ndogo sana, miguu ikigusana.

– Mtu akishikwa na waya wa nje, usimguse, hata akiwa mtoto wako. Najua ni neno gumu. Lakini tumekwisha kupokea maiti mbili mahali ambapo ingekuwa moja. Ngoja fundi athibitishe kwamba umeme umekatwa. Ikiwa ni ndani ya nyumba, zima kwanza swichi kubwa.

– Umeme ukiwa umekatwa, na mgonjwa hapumui wala hajibu, anza mara moja kumbana katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, kushuka sentimita 5 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache mpaka msaada ufike. Hata akiamka na kusema "mimi mzima", mlete dispanseri. Umeme unaunguza ndani mahali ambapo jicho halioni, na moyo unaweza kusumbuka baadaye.

6. GRUPU YA NYUMBANI

Kwa sababu ya giza, wengi wamenunua grupu ndogo ya umeme. Hatuwakatazi, lakini kuna mambo mawili.

La kwanza: usiingize umeme wa grupu katika nyaya za nyumba kwa kuchomeka waya katika priza ya ukuta. Nyumba yako ingali imefungwa kwenye mtandao. Umeme wako unatoka nyumbani, unarudi mpaka kabini, na transfo ambayo kila siku inashusha, sasa inapandisha: volti zako 220 zinakuwa 15,000 juu ya nguzo. Pale juu kuna fundi aliyekuja kukutengenezea. Anaamini kwamba njia imekufa. Yeye pia ana mke na watoto. Dai ufungiwe swichi ya kugeuza, ile isiyoruhusu grupu na mtandao kuungana hata dakika moja.

La pili: grupu haikai ndani ya nyumba, wala barazani karibu na dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, sawa na ile ya mbabula wa makala. Inaua watu wakiwa usingizini.

7. KAZI YETU SISI WENYE KARTIE

Utasema: "Swichi na kabini si mali yangu, nitafanya nini?" Utafanya mengi.

Ukiona tawi limekaribia nyaya, peleka habari. Usipande kulikata wewe mwenyewe. Ukisikia transfo inalia vibaya, ukiona mafuta yanavuja chini yake ao cheche usiku juu ya nguzo, sema siku ile ile, na utaje namba ya kabini iliyoandikwa mlangoni.

Fyuzi ikiungua, usiikasirikie, imekufa kwa ajili yako. Tafuta kilichoiunguza, kisha weka nyingine ya kipimo kile kile. Ikiungua tena, ita fundi.

Umeme ukikatika, zima jiko, pasi na frigo, uache taa moja tu. Umeme ukirudi, nyumba zote zikivuta kwa mara moja, njia haiwezi kubeba na inakatika tena. Ngoja dakika 10, kisha washa kimoja kimoja.

Usijiungie umeme kwa siri usiku. Transfo iliyopimwa kwa nyumba 100 ikilisha 200, ni sawa na mtu aliyebebeshwa magunia mawili: atakwenda hatua chache, kisha ataanguka. Na siku atakapoanguka, wewe pia utakaa gizani.

Usinunue waya wa shaba usiojua umetoka wapi. Sisi tunaochimba shaba tunajua bei yake. Lakini yule anayeiba waya wa ardhi katika kabini anaondoa mlinzi wa maisha ya watoto wote wanaocheza karibu nayo.

TUKUMBUKE

Kosa halizuiliki siku zote, lakini linaweza kubaki dogo. Fyuzi ya kweli, njia iliyogawanywa, njia ya pili, swichi inayojaribu tena, macho ya kuona mbali, na utunzaji wa kila mwaka: hizo ndizo dawa. Mafundi wanashika tano kati yake karibu peke yao. Ya fyuzi iko mikononi mwako, leo, nyumbani kwako.

Jioni hii, umeme ukiwa umezimwa kwa swichi kubwa, mwombe fundi unayemjua afungue sanduku la fyuzi pamoja nawe. Mkikuta msumari ao waya mnene, utoeni. Yule mtoto aliyezaliwa katika mwanga wa simu anasoma sasa. Mwingine atazaliwa usiku huu, pengine katika kartie yako. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA NYUMBANI

1. Delestaji na kukatika kwa waya ni magonjwa mawili. Tofauti yake ni nini?

2. Kwa nini fyuzi ya nyumba inapaswa kuwa ndogo kuliko ile ya kabini?

3. Taa zote za kartie zimezimika, na waya umelala barabarani. Mtoto anasema, "Hauna umeme." Utamjibu nini?

4. Nani kati yetu anajua namba ya kabini yetu?